Usonji na Mzigo wa Kujificha

Katika somo hili twataka kueleza habari za mtu mzima mwenye usonji ambaye miaka yote ameificha hali yake, na jinsi awezavyo kuacha kujificha bila kuacha adabu.

Usonji ni nini?

Usonji ni namna ubongo wa mtu ulivyo tangu utotoni. Si wazimu, si ugonjwa wa kuambukiza, wala si kazi ya wachawi. Mwenye usonji huona taabu kufahamu yale ambayo watu huambiana bila kuyatamka, kama ishara za uso na mafumbo. Hupenda mambo yaende kwa utaratibu ule ule. Kelele, mwanga au mguso ambao wengine hawaujali huweza kumwumiza. Shirika la Afya Duniani lakadiria kuwa mwaka 2021 mtu 1 katika kila 127 ulimwenguni alikuwa na usonji.

Mwaka 1943 Daktari Leo Kanner wa Marekani aliandika habari za watoto 11 wenye hali hiyo, na hata leo wengi hudhani kuwa ni jambo la watoto tu. Lakini mtoto mwenye usonji hukua akawa mtu mzima mwenye usonji.

Kujificha hufanyikaje?

Tumfikirie mama mmoja wa miaka arobaini auzaye vitunguu sokoni Singida. Kila asubuhi huulizwa habari za nyumbani, za watoto, za shamba na za mifugo. Majibu yote ameyakariri tangu utotoni kama mwanafunzi akaririvyo hesabu. Wengine wakicheka, naye hucheka, ingawa hakufahamu kilichochekesha. Vidole vyake vikitaka kupapasa upindo wa kanga, huvizuia. Msibani huketi katikati ya umati hata kichwa chamwuma, wala hasemi. Watu humsifu kwa upole. Lakini arudipo nyumbani hujifungia chumbani, wala hana nguvu za kumjibu hata mwanawe.

Tena kwetu kuna jambo moja zaidi. Katika nchi za Ulaya, kutomtazama mtu machoni huhesabiwa kuwa moja ya dalili za usonji. Kwetu kijana ainamishaye macho mbele ya mkubwa huitwa mwenye adabu. Hivyo desturi yenyewe humfunika, hata akafika utu uzima bila yeye wala jamaa zake kujua.

Hasara zake

Mwaka 2017 wataalamu wa Uingereza walichapisha majibu ya watu wazima 92 wenye usonji walioulizwa juu ya kujificha. Walieleza kwamba hujificha ili wakubaliwe na watu na wapate marafiki, lakini mwisho wake ni kuchoka sana, hata mtu asijue yeye hasa ni nani. Uchunguzi mwingine wa mwaka 2018 ulionyesha kuwa kujificha huku kwahusiana na mawazo ya kujiua. Basi jambo hili si dogo.

Swali: Je, kuacha kujificha si kuacha adabu?

Jibu: Hapana. Adabu ni haki ya mwenzako, na kujificha hutokana na hofu yako mwenyewe. Kumwamkia mzee ni haki yake, usiiache. Kuwafariji wafiwa ni haki yao, nenda. Lakini kuketi katikati ya umati si haki ya mtu yeyote. Waweza kuteka maji, kupasua kuni, au kukaa chini ya mti pamoja na wawili watatu, na wafiwa wakafarijika vile vile. Asiyeweza kusimama huswali ameketi, wala hakuna amwambiaye ajifanye amesimama.

Swali: Je, aliyejificha miaka yote alikuwa mnafiki?

Jibu: La. Mnafiki huficha ili awadanganye watu apate faida. Huyu alijificha ili asichekwe wala asipigwe, na mara nyingi alianza akiwa mtoto mdogo. Asijilaumu.

Aanze vipi?

Kwanza, kwa muda wa juma moja aangalie ni mambo gani yamchoshayo, na yapi kati ya hayo ni haki za watu, na yapi ni kujificha tu.

Pili, achague mtu mmoja amwaminiye, amweleze kwa maneno mepesi: "Mashine ya kukamua alizeti ikilia siwezi kukusikia. Tuongee nje."

Tatu, aache jambo moja dogo kwanza. Vidole vikitaka kupapasa upindo wa kanga, aviache vipapase.

Nne, ajiwekee saa ya kupumzika peke yake baada ya shughuli yenye watu wengi.

Mahali ambapo kujidhihirisha kwaweza kumnyima riziki au usalama, si kosa kuendelea kujisitiri. Na akijiwa na mawazo ya kujiua, asingoje. Amwambie mtu siku hiyo hiyo na aende hospitali iliyo karibu.

Wajibu wetu sisi wengine

Mtoto wa kwanza katika maandiko ya Kanner, Donald Triplett, aliishi katika mji mdogo wa Forest, Mississippi, hadi alipofariki mwaka 2023 akiwa na miaka 89. Alifanya kazi katika benki, akaendesha gari, akasafiri nchi nyingi. Alikuwa na desturi ya kuwapa watu namba, na watu wa mji wake walimzoea jinsi alivyo. Hakuhitaji kujificha kwao.

Mtaalamu Damian Milton alieleza mwaka 2012 kwamba kutofahamiana huku kuna pande mbili: mwenye usonji hatufahamu vizuri, nasi hatumfahamu. Basi si haki upande mmoja ubebe mzigo wote. Na Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya Tanzania ya mwaka 2010 yakataza ubaguzi.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, jirani yako akikuambia kwamba kelele zamwumiza, usimwambie, "Mbona siku zote ulikuwa mzima?" Msogezee kiti mahali palipo kimya.