SOMO LA VIKUNDI: Tumbo Baada ya Kukatwa Utumbo



Somo la mara hii linahusu jambo ambalo watu hawapendi kulitaja, hata mbele ya daktari. Tunaomba kiongozi wa kikundi alisome kwa sauti na asiruke maneno. Tutasema choo, tutasema kuhara, tutasema kutoa upepo. Sisi tukiona haya, mgonjwa ataongea na nani?

Kikundi kimoja cha Kayole kilituita kwa sababu ya mwanachama wao, fundi wa viatu wa miaka hamsini na kitu. Alikuwa amekosa mikutano mitatu. Mchango alikuwa akituma na mtoto. Wengine walisema ameanza dharau, wengine wakasema amerudia pombe, na katibu akawa anaandika faini kitabuni kila mara. Tulipomtembelea tulikuta mtu aliyepasuliwa utumbo miezi saba iliyopita. Kidonda kilikuwa kimepona vizuri na hospitali ilimwambia amepona. Lakini alikuwa akienda choo mara saba au nane kwa siku, na haja ikimshika hana hata dakika mbili. Kikundi kinakutana kwenye darasa la shule, na siku ya Jumapili choo cha shule kinafungwa na hakuna ajuaye aliye na ufunguo. "Sitaki kuaibika mbele ya watu wenye tunasalimiana nao kila siku," akatuambia.

Mzee hakuwa na dharau. Alikosa choo tu.

Kwa nini watu wanakatwa utumbo

Hapa kwetu sababu ni nyingi. Kuna utumbo kujisokota, yaani kipande cha mwisho cha utumbo mkubwa kinajizungusha kama kamba na kufunga njia. Ugonjwa huu unajulikana sana kwa madaktari wa Afrika Mashariki na huwapata zaidi wanaume. Kuna majeraha ya kisu na risasi, ambayo sisi wa Eastlands hatuwezi kujifanya hatuyajui. Na kuna saratani ya utumbo. Daktari Denis Burkitt, aliyefanya upasuaji Uganda kuanzia miaka ya 1940 hadi ya 1960, aliona kwamba saratani hii ilikuwa adimu kwa watu wa huku. Yeye alifikiri sababu ni chakula chetu cha wakati ule: unga usiokobolewa, maharagwe, viazi na mboga. Siku hizi si adimu tena. Hospitali zetu zinaiona, na zinaiona hata kwa vijana.

Utumbo mkubwa una urefu wa kama mita moja na nusu. Kazi yake ni kunyonya maji na chumvi. Chakula kilichosagwa kinaingia humo kikiwa majimaji kama uji mwepesi, zaidi ya lita moja kwa siku, na utumbo unarudisha karibu maji yote mwilini. Kipande cha mwisho kabisa, karibu na njia ya haja, ni kama ghala: kinashika choo mpaka wewe mwenyewe useme sasa ndiyo saa.

Ukielewa hivyo utaelewa shida inatoka wapi. Aliyekatwa upande wa kulia mara nyingi anapata choo cha majimaji, tena pengine nyongo inapita bila kunyonywa na kuwasha utumbo. Kuna dawa ya hiyo nyongo, kwa hivyo amwambie daktari. Kama kipande cha mwisho cha utumbo mwembamba pia kiliondolewa, aulize juu ya kupimwa vitamini B12 kwenye damu. Aliyekatwa upande wa kushoto anaweza kusumbuliwa kidogo tu, au hata kufunga choo. Anayeteseka zaidi ni yule aliyeondolewa ghala lenyewe, hasa kama alipigwa pia mionzi. Huyu anaenda kidogo kidogo, mara tatu kwa saa moja, kisha anakaa nusu siku bila kitu. Anahisi hajamaliza hata akiwa amemaliza. Anashindwa kujua kama ni upepo au ni choo.

Haya yote si kurogwa. Si lazima iwe ni saratani imerudi, wala si kwamba daktari alikosea. Ni utumbo mfupi unaojifunza kazi upya. Miezi ya kwanza ndiyo migumu. Wengi wanapata nafuu polepole ndani ya mwaka mmoja, wengine miaka miwili. Lakini hatutawadanganya: tumbo la wengine halirudi kuwa kama la zamani, na mtu huyo inabidi apangie maisha yake vingine. Afadhali aambiwe mapema kuliko angoje kitu kisichokuja.

Chakula

Hapa watu wanapotoka njiani. Mgonjwa akiona choo kinamsumbua anaacha kula. Tumemwona mama aliyekuwa akishinda na chai ya rangi mpaka saa kumi na mbili jioni ili aweze kuuza mboga bila taabu. Alikonda mpaka majirani wakaanza kunong'ona mambo mengine. Kutokula hakuponyi utumbo. Kunamaliza nguvu, na upepo unazidi tumboni.

Njia nzuri ni kula kidogo kidogo, mara tano au sita, kwa saa zilezile kila siku, na kutafuna vizuri. Vyakula vinavyosaidia kushika choo tunavyo: wali, ndizi mbivu, viazi vilivyopondwa, nduma, ugali laini, mkate mweupe. Wiki za mwanzo mtu aende polepole na sukuma wiki, kabichi, maharagwe, githeri yenye mahindi magumu na pilipili. Baadaye avirudishe kimoja kimoja, kijiko kwa kijiko, si sahani nzima siku ya harusi. Ndengu na kamande zilizoiva sana hukubalika na wengi kabla ya maharagwe. Maziwa mabichi huwasumbua wengine ilhali maziwa lala hayawasumbui. Soda, kahawa nyingi, mafuta mengi na pombe hukimbiza tumbo.

Matumbo hayafanani. Mwambie mgonjwa achukue daftari la shule aandike nilikula nini, saa ngapi, niliendaje choo. Baada ya wiki tatu daftari hilo litamfundisha kuliko sisi. Asiyejua kuandika amwambie mtoto amwandikie.

Kwenye maduka ya Wahindi na ya dawa kuna maganda laini ya mbegu yanayoitwa isabgol. Watu wengi wanadhani ni dawa ya kufungua tumbo peke yake. Kumbe hunyonya maji, kwa hivyo husaidia choo chepesi kishikane na kigumu kilainike. Anza na kijiko kidogo kimoja kwa siku na maji ya kutosha, tena baada ya kumuuliza daktari, maana aliye na utumbo uliobana haufai.

Anayehara sana anywe maji ya chumvi na sukari: lita moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kusawazisha. Usizidishe chumvi. Na tukumbuke tunaishi wapi. Si kila kuhara ni kwa sababu ya upasuaji. Maji ya mfereji yakikatika tukanunua ya mikokoteni, homa ya matumbo na kipindupindu havimwachi mtu eti kwa sababu alikatwa utumbo. Tumbo likibadilika ghafla na kuna homa, nenda kliniki.

Choo chenyewe

Vitabu vya hospitali vinaandikwa kana kwamba kila mtu ana choo chake chumbani. Dandora ilipojengwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia miaka ya 1970, zilipimwa ploti kama 6,000, na kila ploti ikawekewa choo na bafu vya familia ile na wapangaji wachache. Leo juu ya ploti kama hizo kumesimama ghorofa, na watu wanapanga foleni asubuhi na ndoo mkononi. Mgonjwa wetu yuko kwenye foleni hiyo. Na akiwa nje, choo cha kulipia kikiwa shilingi 10, mtu wa mara nane kwa siku ni shilingi 80. Kwa mwezi ni 2,400. Hiyo ni pesa ya chakula.

Kwa hivyo tunawashauri hivi. Mgonjwa aamke mapema kabla ya foleni, anywe kikombe cha uji au maji ya vuguvugu, angoje kama nusu saa. Tumbo huamka likipata kitu cha moto asubuhi, na akizoea saa hiyo mengi yatatoka kabla hajatoka nyumbani. Akae bila kusukuma kwa nguvu. Kama magoti ni mabaya, fundi wa jua kali anaweza kutoboa kiti cha mbao na kuweka ndoo yenye kifuniko chini yake, itumike usiku nyuma ya pazia. Hakuna aibu hapo. Aibu ni mzee kuanguka ngazini saa nane ya usiku kwenye giza. Mtu wa nyumbani aimwage chooni asubuhi, aoshe ndoo kwa dawa ya jiki na anawe mikono kwa sabuni.

Ngozi ya nyuma huchubuka haraka. Aoshe kwa maji, asikwaruze kwa gazeti, ajikaushe kwa kitambaa laini kwa kugusagusa, kisha apake mafuta ya kujikinga kama vaselini. Akitoka abebe mfuko mdogo: tishu, chupa ya maji, suruali ya ndani ya kubadilisha, pedi, na sarafu za choo. Mama mmoja huko Umoja ametuambia tangu aanze kubeba mfuko huo hajauhitaji ila mara mbili, lakini bila huo hatoki mlangoni.

Kuna pia mazoezi ya msuli wa haja. Kaza kana kwamba unazuia upepo, hesabu mpaka tano, achia, pumzika. Fanya mara kumi, mara tatu kwa siku. Hata ukiwa kwenye matatu hakuna anayekuona. Usitarajie kitu wiki ya kwanza, ni kazi ya miezi. Anza daktari akikubali kwamba kidonda kimeshika.

Dawa, na wakati wa kukimbia hospitali

Dawa ya kupunguza mwendo wa tumbo, loperamide, inasaidia sana watu hawa ikimezwa kama nusu saa kabla ya kula au kabla ya safari. Lakini kipimo kitoke kwa daktari, si kwa jirani. Isinywewe kama kuna homa, damu kwenye choo, au tumbo limevimba. Na wale wanaouza dawa ya kusafisha tumbo kwa kipaza sauti penye stegi, tafadhali waacheni wapite. Utumbo ulioshonwa hauhitaji kusafishwa.

Hospitali ni siku hiyohiyo ukiona haya: damu au choo cheusi kama lami, tumbo kuvimba na kutapika bila kutoa choo wala upepo, homa na maumivu makali, kizunguzungu na mkojo kuwa mchache. Kukonda bila sababu, au mwendo wa choo kubadilika tena baada ya kutulia, kusingoje mwezi. Aliyeondolewa saratani asiache tarehe zake za kliniki hata akijisikia vizuri, pamoja na kuchunguzwa utumbo kwa kamera, ambako kwa kawaida hupangwa kama mwaka mmoja baada ya upasuaji. Aende na karatasi ya upasuaji, maana daktari mpya hawezi kukisia kilichokatwa. NHIF ilifungwa mwaka 2024 ikaja SHA. Kikundi kihakikishe mwanachama wake ameandikishwa huko na michango haijakatika.

(Wanaobeba mfuko wa choo tumboni wanahitaji somo lao peke yao. Tutalileta.)

Kazi ya kikundi

Kikundi cha Kayole kilifanya nini? Kwanza walifuta faini, ingawa mweka hazina alibishana sana kwamba katiba ni katiba. Halafu mwenyekiti alikwenda kwa mwalimu mkuu akaomba ufunguo wa choo, akapewa siku hiyohiyo. Hakuna aliyekuwa amewahi kuuliza. Mzee akapewa kiti karibu na mlango, na wakapatana kwamba mtu akitoka mkutanoni haulizwi anakwenda wapi. Hawakutangaza ugonjwa wake. Mama mwenye nyumba katika ploti yake alikubali choo kimoja kisifungwe kwa kufuli usiku. Hilo lilichukua safari tatu na maneno mengi, na bado analalamika juu ya maji.

Katika Marko 5 kuna mama aliyetokwa damu miaka kumi na miwili, aliyemaliza mali yake yote kwa waganga. Alikuja kwa nyuma, akajificha kati ya watu, kwa sababu ugonjwa wake ulikuwa wa aina ambayo haitajwi. Tuisome sehemu hiyo pamoja, kisha tujadiliane:

Ni nani katika kikundi chetu ameacha kuja, na je, tunajua kweli ni kwa nini, au tumekisia?

Mahali tunapokutania, choo kiko wapi, kiko wazi, na ufunguo uko kwa nani?

Faini ya kukosa mkutano: mgonjwa anaielezaje sababu yake bila kuisema mbele ya wote?

Katika ploti zetu, nani atazungumza na mwenye nyumba, na lini?