Dawa Iliyotoka Udongoni



Sisi wa Bugarama tunakijua kipindupindu. Bomba zikikauka, Ziwa Tanganyika ndilo tunalooga, tunalofulia na tunalokunywa. Uvumi wa ugonjwa ukifika mwaloni, nasikia swali lile lile: "Hakuna kapsuli ya kuzuia?" Aghalabu wanayoiulizia ni doksisaiklini, dawa ya ukoo wa tetrasaiklini. Basi leo tuujue ukoo huu.

Mwaka 1945, nchini Marekani, mtaalamu wa mimea Benjamin Duggar, mzee wa zaidi ya miaka 70, alikuwa akichunguza sampuli za udongo. Katika udongo wa shamba la Chuo Kikuu cha Missouri alikuta kijidudu cha rangi ya dhahabu kinachotoa kemikali ya kuzuia bakteria wengi. Mwaka 1948 dawa ikatangazwa kwa jina la Aureomycin. Baadaye Lloyd Conover aliiondolea klorini, akapata tetrasaiklini yenyewe. Doksisaiklini ilifuata miaka ya 1960.

Hufanyaje kazi? Hujishika kwenye ribosomu, mahali bakteria anapotengenezea protini. Bila protini hakui wala hazaani, na kinga ya mwili humshinda.

Lakini dawa ikitumiwa ovyo, huondoa bakteria dhaifu na kuwaacha wachache wanaoihimili. Hao huzaana na kupeana vinasaba vya usugu. Jirani zetu Tanzania waliliona hilo katika mlipuko wa kipindupindu ulioanza mwaka 1977. Mwanzoni, vimelea vyote vilivyopimwa vilishindwa na tetrasaiklini. Ikagawiwa kwa wingi, kwa wagonjwa na kwa wazima kama kinga. Baada ya miezi 5, asilimia 76 ya vimelea vilikuwa sugu! Fred Mhalu na wenzake walichapisha matokeo hayo katika jarida la Lancet mwaka 1979.

Mtume (s.a.w.) alituhimiza tujitibu, na dini yetu imekataza kumdhuru mwingine. Anayemeza kapsuli bila kuagizwa anaweza kumharibia dawa jirani atakayeihitaji kesho.

Kwa hiyo, tuchemshe maji na tunawe kwa sabuni. Mtu akiharisha, tumpe mara moja maji ya chumvi na sukari ya pakiti, kwani kinachoua haraka ni kukaukiwa maji mwilini. Kisha tumpeleke kituo cha afya, na huko mganga ataamua kama kapsuli inahitajika.