Wateja Wanaiona Nyumba, Kisha Kimya

Wenye nyumba wa Dar es Salaam huniuliza mambo mengi kuhusu kuuza, lakini linalowaumiza zaidi ni mteja kuja kuiona nyumba, kuondoka, na kutosikika tena. Haya ni majibu yangu kwao, kama dalali.

Nyumba yangu iko Goba. Wateja wanasifia vigae, wanasifia jiko, wanaaga vizuri. Baada ya hapo hawapokei simu. Kwa nini hawasemi tu kwamba hawajaipenda?

Kwa sababu wewe ulikuwepo. Mtu aliyekaribishwa sebuleni akapewa maji ya kunywa hawezi kumwambia mwenyeji wake kwamba vyumba vina giza. Atasema, "Nyumba nzuri, ngoja nikazungumze na mama watoto," na hapo ameshaaga.

Yupo pia anayeitamani kweli lakini anaficha, maana akionesha hamu bei haitashuka. Kwa hiyo aliyeipenda na asiyeipenda wote wananyamaza. Na mara nyingi aliyekuja si mwenye fedha: kaka yuko Muscat au dada yuko London, yeye kapiga video na kuituma. Uamuzi unafanyika huko, na mjumbe hana jibu la kukupa.

Dalali wangu anasema kila mteja analalamikia bei. Nishushe?

Usishushe kabla hujajua walitajiwa bei gani. Hapa pana ugonjwa wa kazi yetu, nao unaniuma: cha juu. Tuseme umemwambia dalali milioni 120. Akaipeleka kwa dalali mwenzake mwenye mteja, kila mmoja akaongeza chake, na mteja getini kwako anasikia milioni 140. Malalamiko yake ni ya kweli, ila analalamikia bei ambayo wewe hukuitaja. Na madalali hao hawatataka mzungumze nyinyi wawili, kwa kuwa siri itatoka.

Andikishana na dalali mmoja, mkubaliane kamisheni, na bei iandikwe wazi kwenye tangazo. Hapo ndipo neno la mteja kuhusu bei litakuwa na uzito. Hata hivyo lichunguze, kwa sababu "bei kubwa" ni kauli ya heshima inayoweza kufunika barabara mbovu, choo kilichokaa vibaya au kiwanja kisicho na hati.

Niulize nini, na lini?

Aulize dalali, siku hiyohiyo, wakati wanarudi kwenye gari. "Umeionaje?" huzaa "nzuri" na mazungumzo yanaishia hapo. Mimi huuliza: "Ukilinganisha na ile ya Madale, ipi inakufaa?" Au: "Ungehamia hapa, ungebadilisha nini kwanza?" Anayesema angevunja ukuta wa jiko amekwambia jiko ni dogo, bila kumkosea mtu adabu.

Kama ameshaondoka, tuma ujumbe mmoja mfupi wa WhatsApp: "Kama haijakufaa niambie tu, nitakutafutia inayofaa." Sasa ana faida ya kujibu. Kumpigia simu kila asubuhi kunamfanya akufungie namba.

Nasikia Marekani wana programu za kukusanya maoni ya wateja. Huko wanapata majibu?

Mawakala wanatumiana fomu kwa simu, lakini wauzaji wa huko nao hulalamikia ukimya. Wakala wa mnunuzi anamtumikia mnunuzi, hivyo hatamwaga siri za mteja wake kwa upande wa muuzaji.

Na mteja akikataa kabisa kusema?

Tazama alichofanya. Je, alifungua bomba kuona kama maji ya DAWASA yanatoka? Aliomba nakala ya hati? Alirudi na fundi? Anayerudi wakati wa masika kuangalia maji yanapita wapi ana nia, hata kama hajatamka neno.

Kisha waulize watu aliowauliza yeye. Mnunuzi makini hupita dukani, kijiweni kwa bodaboda, kwa jirani, na hatimaye ofisi ya serikali ya mtaa. Huko ndiko anakosema yale aliyoyameza sebuleni kwako. Wateja watatu wakiwa wameulizia mpaka wa kiwanja, tatizo lako ni mpaka, wala si rangi ya ukuta.

Jambo jingine ambalo hakuna mteja atakayekwambia usoni: mke wako alikuwa amenuna. Sheria ya Ndoa ya 1971 inataka ridhaa ya mwenza kabla nyumba ya wanandoa haijauzwa. Mnunuzi akiona mama mwenye nyumba hana furaha, anaiona kesi mbele yake na anaondoka kimyakimya. Malizeni mazungumzo yenu ndani kabla ya kufungulia watu geti.

Mteja mmoja tu amesema chumba cha nyuma kinanuka unyevu. Wengine hawakusema. Nimwamini?

Mwamini leo hii. Wewe pua yako imeshazoea, na wengine waliona haya. Ita fundi akague paa na mabomba yaliyopita ukutani kabla hujamleta mteja mwingine. Usikimbilie kopo la rangi: ukuta mmoja mpya kati ya kuta tatu zilizofifia ndio fundi wa mnunuzi atakaoanza kuugonga. Ziba panapovuja, acha ukuta ukauke vizuri, ndipo upake chumba kizima.