Taa ya Pikipiki

Katika nchi ya Kasongo na Kabambare pikipiki hufanya kazi nyingi. Hupeleka mchele na mawese sokoni, huchukua barua na dawa, tena hubeba wagonjwa. Mchana dereva huyaona mashimo na madaraja ya magogo. Lakini jua likishatua, macho yake ni taa tu. Taa ikifa, dereva amekuwa kipofu. Basi, na tujifunze jinsi taa inavyopata umeme, na jinsi ya kutafuta kasoro yake.

UMEME HUTOKA WAPI?

Mwaka 1831 Mwingereza mmoja, Michael Faraday, mwana wa mhunzi, alionyesha jambo la ajabu. Sumaku ikisogezwa karibu na waya uliozungushwa mara nyingi, umeme hupita katika waya ule. Ndivyo ilivyo ndani ya pikipiki hata leo. Injini huzungusha sumaku karibu na nyaya, na umeme hutokea. Sehemu ya umeme huo huwekwa katika betri.

Umeme hutaka njia mbili: njia ya kwenda na njia ya kurudi. Huenda kwa waya mpaka kwenye ampuli, yaani kile kioo kidogo chenye uzi mwembamba ndani. Uzi huwaka kwa moto mkali. Kisha umeme hurudi kwa waya mwingine uliofungwa kwenye chuma cha pikipiki, maana chuma nacho hupitisha umeme. Njia moja ikikatika, ya kwenda au ya kurudi, taa haiwaki.

BABA NA MWANA

Dereva mmoja alikaa kijijini, kando ya njia ya kutoka Kabambare kwenda Kasongo. Siku moja, saa kumi alasiri, mwuguzi wa kituo cha afya alimjia akamwambia, “Baba, yuko mama mjamzito kwetu, na hali yake si njema. Huenda usiku huu tukampeleka hospitali ya Kasongo. Uwe tayari.”

Dereva akaitika. Akawasha injini, akajaribu taa ya mbele. Giza! Taa haikuwaka kabisa.

Jirani yake akasema, “Si neno, ndugu. Funga tochi kwenye usukani, uende.”

Dereva akatikisa kichwa. “Pikipiki ikienda kilomita 36 kwa saa, hupita mita 10 kwa kila sekunde. Tochi yangu huonyesha mita 10 tu. Nikiliona shimo, nimekwisha kuingia. Na nyuma yangu ataketi mama mwenye mtoto tumboni.” Kisha akamwita mwanawe, “Njoo, mwanangu. Jua bado lipo. Tutafute.”

“Baba, betri imekufa,” akasema kijana.

“Usikisie. Piga honi kwanza.”

Honi ikalia kwa nguvu. “Honi ya pikipiki hii hupata umeme wa betri,” akasema baba. “Basi betri ni nzima. Lakini taa zake hupata umeme wa injini moja kwa moja, ndiyo sababu haziwaki injini ikizimwa. Sasa injini inanguruma. Tazama taa ya nyuma.”

“Inawaka, baba.”

“Vema. Injini inatoa umeme. Kasoro iko mbele.”

Baba akageuza swichi ya usukani, taa ya mbali, kisha taa ya karibu. Zote mbili hazikuwaka. Akazima injini, akatoa ufunguo. Akafungua taa kwa bisibisi, akaichomoa ampuli kwa kitambaa. Wakaitazama kwenye mwanga: nyuzi zote mbili nzima. Hata hivyo baba hakuamini macho tu. Alitwaa vipande viwili vya waya. Kimoja alikiunga kutoka ubavu wa ampuli mpaka ncha ya kutoa (−) ya betri, cha pili kutoka kitako chake mpaka ncha ya kuongeza (+). Uzi wa kwanza ukawaka. Akagusa mahali pa uzi wa pili, nao ukawaka.

“Ampuli ni nzima,” akasema. “Sasa fikiri, mwanangu. Nyaya za kwenda ni mbili, moja ya mbali na moja ya karibu. Waya wa kurudi ni mmoja. Taa zote mbili zimekufa pamoja. Unashuku nini?”

Kijana akafikiri. “Si rahisi nyaya mbili kukatika siku moja. Nashuku ule mmoja wa kurudi.”

“Umesema vema. Swichi nayo yaweza kuharibika, lakini tuanze na lililo rahisi.”

Wakairudisha ampuli, wakasukuma pikipiki uani, maana moshi wa injini ni sumu ndani ya nyumba. Baba akawasha injini, akaunga kipande cha waya kutoka waya wa kurudi mpaka kwenye chuma kitupu. Mara taa ikawaka! Wakaufuata waya ule mpaka mwisho. Bolti yake ilikuwa imelegea kwa mitikisiko ya njia, na mvua imeingiza kutu. Wakazima injini, wakaondoa kutu kwa msasa, wakakaza bolti. Kazi yote haikupata saa moja, wala hawakununua kitu.

Saa nne ya usiku mwuguzi alibisha hodi. Dereva alikwenda polepole, akiona kila gogo la daraja. Kabla ya mapambazuko mama alikuwa mikononi mwa wakunga wa hospitali, naye akajifungua salama.

YA KUKUMBUKA

1. Usikisie. Jaribu kitu kimoja kimoja, ukianza na kilicho rahisi.
2. Uzi mmoja tu ukifa, yaani mbali au karibu, shuku ampuli. Zote mbili zikifa pamoja, shuku njia yao ya pamoja.
3. Ampuli zikiungua mara kwa mara, umeme umezidi. Mwite fundi.
4. Fyuzi ya betri ikikatika, usiweke waya mnene mahali pake. Nyaya zaweza kushika moto karibu na petroli.
5. Jaribu taa mchana, kabla ya kuihitaji usiku.

MASWALI

1. Umeme hutaka njia ngapi? Zitaje.
2. Honi ilimfundisha baba nini? Na taa ya nyuma?
3. Kwa nini kijana alishuku waya wa kurudi?
4. Hesabu: Pikipiki ikienda kilomita 54 kwa saa, hupita mita ngapi kwa sekunde moja?