Somo Letu: Kulea Watoto wa Paka Pamoja na Mama Yao

Katika mikutano ya vikundi vyetu tunazungumza mara nyingi juu ya ng'ombe wa maziwa, mbuzi na kuku. Paka hatajwi. Yeye hana maziwa ya kuuza wala mayai, kwa hiyo tunamwacha ajitafutie. Akizaa, watoto wake hutiwa kwenye gunia na kutupwa karibu na soko, au hugawanywa wakiwa hawajui hata kula. Halafu panya wakiingia stoo, tunakimbilia dukani kununua sumu.

Somo la leo lina jambo moja kubwa: paka wa kulinda nafaka hutengenezwa katika wiki 8 za kwanza za maisha yake, na mwalimu wake ni mama yake. Wahenga walisema, mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Hata kwa paka ni hivyo hivyo.

Kwa nini tujisumbue?

Tufanye hesabu kidogo. Panya mkubwa mmoja aweza kula kama gramu 20 za nafaka kwa siku. Panya 10 watakula gramu 200 kwa siku. Kwa mwaka mzima hizo ni kilo 73. Gunia la mahindi ni kilo 90, kwa hiyo panya 10 tu wanakaribia kumaliza gunia zima. Hapo hatujahesabu mahindi wanayochafua kwa mkojo na mavi, wala magunia wanayotoboa.

Paka alianza kukaa na watu yapata miaka 10,000 iliyopita huko Mashariki ya Kati, wakati watu walipoanza kulima na kuweka akiba ya nafaka. Panya walifuata nafaka, na paka wa mwitu akawafuata panya. Jamii ya paka huyo wa mwitu bado wako porini hata hapa Kenya. Basi tangu mwanzo kazi ya paka ilikuwa ghalani.

Lakini tuseme ukweli: paka peke yake hamalizi panya. Yeye hukamata zaidi panya wadogo na watoto wa panya, na harufu yake huwatisha wengine. Ghala bado lahitaji kuinuliwa kutoka ardhini na kufungwa vipande vya mabati kwenye miguu yake ili panya wasipande. Paka na ghala zuri hufanya kazi pamoja.

Kabla ya kuzaa

Paka hubeba mimba kwa muda wa wiki 9 hivi. Ukiona tumbo limekua na chuchu zimekuwa nyekundu, anza kumtayarishia mahali. Si lazima kununua kitu. Katoni au kikapu kikuukuu chatosha. Tia ndani gunia safi na vitambaa vya zamani. Weka kwenye pembe yenye giza kidogo, mahali pakavu, mbali na moto na mbali na njia ya watu na mbwa. Angalia pia siafu, kwa maana wakiingia usiku waweza kumaliza watoto wote. Fagia sehemu hiyo vizuri na mwaga majivu makavu kuizunguka.

Mlishe mama vizuri. Wengi husema, "Paka akishiba hatawinda." Hiyo si kweli. Paka aliyeshiba bado huwinda, kwa sababu kuwinda ni tabia yake ya kuzaliwa, na tena ana nguvu ya kuruka. Paka mwenye njaa huiba nyama jikoni na vifaranga wa kuku. Wakati wa kunyonyesha huhitaji chakula mara 2 au hata mara 3 ya kile cha kawaida. Ugali na mchuzi peke yake haumtoshi, maana mwili wa paka huhitaji nyama au samaki. Changanya ugali na omena, vichwa vya samaki, matumbo yaliyopikwa au yai lililopikwa. Maji safi yawepo kila siku.

Wiki ya 1 na ya 2: waache na mama yao

Kwa kawaida paka huzaa watoto 3 hadi 5. Kila mmoja ana uzito wa gramu 100 hivi, kama mayai mawili ya kuku. Hawaoni wala hawasikii, na hawawezi kujipatia joto wenyewe. Baridi ndiyo adui wao wa kwanza, hasa sisi tunaokaa milimani.

Siku ya kwanza hakikisha kila mtoto amenyonya. Maziwa ya kwanza yana kinga ya magonjwa ambayo hawataipata mahali pengine. Mama huwalamba chini ya mkia ili wakojoe na kunya. Wewe huwezi kufanya kazi hiyo kama yeye. Kwa hiyo usiwashike ovyo, na uwakataze watoto wa nyumbani kuwabeba. Mama akisumbuliwa atawahamisha mmoja mmoja, na huenda akawapeleka kichakani au juu ya dari.

Macho hufunguka kati ya siku ya 7 na ya 14. Kufikia mwisho wa wiki ya 2, uzito wao huwa umekuwa maradufu. Mtoto ambaye haongezeki, analia kila mara na mwili wake ni baridi, yuko hatarini. Mpashe joto kwanza, kisha umweke kwenye chuchu.

Wengine huwapa maziwa ya ng'ombe. Hayo huwaharisha, na kuhara huwaua upesi. Kama mama amekufa, ulizia kijijini kama kuna paka mwingine anayenyonyesha. Mara nyingi atawakubali. Hapa ndipo faida ya kikundi inaonekana: mtu mmoja akitangaza kwenye mkutano, jibu hupatikana siku hiyo hiyo.

Wiki ya 3 na ya 4: wajue watu

Sasa wanaanza kutembea na kucheza. Huu ndio wakati wa kuwazoesha mikono ya watu. Paka asiyeshikwa na mtu mpaka amalize wiki 7 au 8 huwa mwoga, na mara nyingi hubaki wa porini maisha yake yote. Kila siku mshike kila mmoja kwa dakika chache. Watoto wa nyumbani waketi chini, wanawe mikono kabla na baada, na wawashike kwa mikono miwili. Wasiwavute mkia wala kuwabeba kwa shingo.

Weka karai bovu lenye mchanga au udongo mkavu karibu na pale wanapolala. Watajifunza kwa kumwona mama yao. Mavi yaondolewe kila siku na kufukiwa. Mama mjamzito asifanye kazi hiyo, kwa sababu katika mavi ya paka mwaweza kuwa na vijidudu vinavyodhuru mtoto aliye tumboni.

Kuanzia wiki ya 4 wape chakula laini kidogo kidogo, kama omena aliyepondwa na maji ya uvuguvugu. Wanaendelea kunyonya huku wakijifunza kula.

Wiki ya 5 hadi ya 8: shule ya kuwinda

Kipindi hiki wengi wetu hukiharibu. Jirani anakuja na kusema, "Mama, nigawie mmoja, naona amekua." Ni kweli anaonekana amekua, anakula na anaruka. Lakini shule ndiyo kwanza imeanza. Mama yao huleta panya aliyekufa na kumla mbele yao. Baadaye huwaletea panya aliye hai nusu, halafu aliye hai kabisa, nao hujaribu kumkamata. Mtoto aliyeondolewa mapema anakosa masomo haya. Pia anakosa kucheza na ndugu zake, na ni katika mchezo huo ndipo anajifunza kutong'ata kwa nguvu. Paka wa namna hiyo akikua huuma na kuparura watoto.

Basi mjibu jirani kwa upole: "Huyu ni wako, lakini ngoja amalize wiki 8." Akitaka, aje kumtazama na kumzoea. Siku ya kumchukua, mpe na kitambaa kidogo cha pale alipolala. Huko aendako afungiwe ndani kwa wiki 2 hivi, alishwe huko, asije akapotea akitafuta kwao.

Mambo yanayoua paka nyumbani

Sumu ya panya. Panya aliyekula sumu hutembea polepole. Paka akimkamata na kumla, sumu inaingia kwake. Ukitegemea paka, usiweke sumu, wewe na jirani yako.

Dawa ya kupe ya ng'ombe. Usimpake wala usimwogeshe paka kwa dawa hiyo ili kuua viroboto. Baadhi yake ni sumu kali kwa paka. Viroboto wengi wanaweza kumaliza damu ya mtoto wa paka, kwa hiyo wachambue kwa kitana chenye meno ya karibu, fua vitambaa kwa maji moto na uvianike juani. Uliza daktari wa mifugo dawa inayomfaa paka kwa umri wake.

Panadol. Hata kipande kidogo chaweza kumuua paka. Usimpe dawa yoyote ya watu.

Minyoo. Watoto wengi huipata kupitia maziwa ya mama. Ukiona tumbo kubwa na mwili mwembamba, mwone daktari wa mifugo. Ni vizuri mama apewe dawa pamoja na watoto wake.

Kichaa cha mbwa hupata paka pia

Ugonjwa huu huletwa zaidi na mbwa, lakini paka huupata na kumpa mtu kwa kumuma au kumparura. Dalili zikishaonekana kwa mtu, karibu kila mara hufa. Nchi yetu ilianza mwaka 2014 mpango wa kumaliza vifo vya watu vinavyotokana na ugonjwa huu ifikapo 2030, lakini mpango huo hautafaulu bila sisi wa vijijini.

Mpeleke paka achanjwe akifika miezi 3, na arudie kila mwaka. Mtu akiumwa, osha kidonda mara moja kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo. Usingoje kuona kama paka ataugua.

Wakizidi, tufanye nini?

Paka jike aweza kushika mimba tena kabla hata hajaachisha watoto wake. Binti yake aweza kushika akiwa na miezi 4 au 5. Ukizaliwa watoto 4 mara 2 kwa mwaka, hao ni 8 kutoka kwa mama mmoja tu. Kuwatupa sokoni hakupunguzi kitu, kwani wanaopona huzaa huko, na hawana chanjo.

Njia nzuri ni kufungwa uzazi, madume pia. Gharama ni kubwa kwa mtu mmoja, lakini kikundi kinaweza kumwita daktari wa mifugo mara moja na kugawana gharama ya safari yake. Siku hiyo hiyo achanje mbwa na paka wote wa wanachama. Uliza katika ofisi ya mifugo kama kuna chanjo ya bure karibu na tarehe 28 Septemba, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani. Tena, andikeni mapema katika daftari la kikundi nani anahitaji paka, ili kila mtoto awe na nyumba kabla hajazaliwa.

Maswali ya kujadiliana katika kikundi

1. Hapa kwetu, watoto wa paka hupelekwa wapi? Nini huwapata baadaye?
2. Mwaka jana kila mmoja wetu alipoteza debe ngapi za nafaka kwa panya?
3. Nani kati yetu hutumia sumu ya panya? Je, tunaweza kukubaliana kuiacha pamoja?
4. Ni paka na mbwa wangapi wa wanachama wamechanjwa mwaka huu?

Kazi ya kufanya kabla ya mkutano ujao: Katibu aandike idadi ya paka na mbwa katika kila nyumba, na wanachama wawili waende ofisi ya mifugo kuuliza bei ya chanjo na ya kufunga uzazi. Walete majibu kikundini, na muamue siku.