Kupima Vyanzo vya Ufundi wa Kale: Usukaji na Ufumaji wa Vibao wa Enzi za Kati

Utangulizi

Mtoto anayejifunza kusuka ukili hukaa kando ya mama au bibi yake, huangalia vidole, hukosea na kurekebishwa. Chanzo cha elimu yake ni fundi mwenyewe. Lakini mwalimu anayetaka kufundisha jinsi tepe na kamba za mapambo zilivyotengenezwa Ulaya katika Enzi za Kati, yaani tangu karne ya 5 hata ya 15, hana fundi wa zama zile wa kumwendea. Hutegemea vitabu na michoro, na humo kweli na dhana zimechanganyika. Katika makala haya tunakusudia kuonyesha namna ya kupima vyanzo hivyo kabla ya kuvipeleka darasani. Kosa la mwalimu mmoja hurithiwa na wanafunzi wake, nao wakiwa walimu hulieneza zaidi.

1. Mbinu zenyewe

Yafaa kwanza tuelewe tunachokitafuta. Katika ufumaji wa vibao, mfumaji hutumia vibao vidogo bapa, aghalabu vya mraba, vya mti, mfupa au ngozi, vyenye tundu katika kila pembe. Uzi mmoja wa mtande hupitishwa katika kila tundu. Vibao vikigeuzwa robo mzunguko, baadhi ya nyuzi hupanda na nyingine hushuka, na kati yake hufunguka uwazi wa kupitishia mshindio. Kwa kugeuza hivyo, nyuzi nne za kila kibao hujisokota pamoja. Msokoto huo ndio dalili kuu ya kazi ya vibao.

Katika usukaji wa vitanzi, msukaji huvika vitanzi vya uzi vidoleni, kisha huhamisha kitanzi kutoka mkono mmoja hadi mwingine kwa kukipitisha ndani ya vitanzi vingine. Hahitaji chombo chochote. Kwa hiyo usukaji huu hauachi zana ardhini. Huacha kamba zenyewe na maandishi tu.

2. Ngazi nne za vyanzo

(a) Kitu chenyewe. Mwaka 1904 huko Oseberg, Norway, lilifukuliwa kaburi la merikebu la mwaka 834. Humo vilikutwa vibao 52 vikiwa bado na nyuzi za kazi isiyomalizika. Ushahidi kama huo hauna ubishi. Hata hivyo, kitu cha kale husema nusu ya habari. Katika udongo wenye asidi, sufu na hariri huweza kudumu hali nyuzi za kitani zimeoza. Pengo tunaloliona leo katika utepe huenda halikuwa pengo siku ulipofumwa.

(b) Taarifa ya mchunguzi. Agnes Geijer alichapa mwaka 1938 uchunguzi wake wa nguo za makaburi ya Birka, Sweden. Elisabeth Crowfoot, Frances Pritchard na Kay Staniland walichapa mwaka 1992 kitabu juu ya nguo zilizofukuliwa London, za takriban mwaka 1150 hadi 1450. Taarifa njema hutaja mahali, umri, aina ya uzi na upande wa msokoto, tena hutenganisha kilichoonekana na kilichokisiwa.

(c) Maandishi na picha za zama zile. Hati ya Kiingereza ya karne ya 15, iitwayo Harley 2320 na kuhifadhiwa katika Maktaba ya Uingereza, ina maelekezo ya kusuka vitanzi. Vidole humo vimepewa majina ya herufi ili msomaji asipotee. Noémi Speiser alichapa mwaka 2000 uchunguzi wa maelekezo ya namna hiyo. Picha nazo zipo: baadhi humwonyesha Bikira Maria akifuma kwa vibao. Lakini mchoraji si mfumaji. Picha yake yaweza kutufundisha mkao wa kazi, si hesabu ya nyuzi.

(d) Vitabu vya mafunzo vya siku hizi. Hivi ndivyo vyepesi kupatikana, na ndivyo vya kutahadhari navyo. Mwalimu aulize: je, mwandishi ametaja kitu gani cha kale alichokifuata? Je, amesema amebadili nini? Nakshi iitwayo ya Enzi za Kati bila kutajiwa kaburi, makumbusho wala hati yaweza kuwa nzuri, ila isifundishwe kama historia.

3. Funzo la mshipi wa Rameses

Mfano huu ni wa zama za mbali zaidi, lakini unaonyesha vizuri hatari tunayoizungumzia. Liverpool umehifadhiwa mshipi wa kitani wa zama za Farao Rameses wa Tatu, wenye urefu wa zaidi ya mita 5. Mwaka 1916 Arnold van Gennep na Gustave Jéquier walichapa kitabu kilichotetea kwamba Wamisri wa kale walifuma kwa vibao. Mwaka 1923 Grace Crowfoot na H. Ling Roth waliipinga rai hiyo, na baadaye Peter Collingwood, katika kitabu chake cha mwaka 1982 juu ya ufumaji wa vibao, naye hakuikubali. Hoja ni moja: kwamba kitu chaweza kufanywa kwa mbinu fulani si ushahidi kwamba kilifanywa hivyo. Hata hivyo vitabu vingi viliendelea kuirudia rai ile, kila kimoja kikinakili kingine. Wingi wa vitabu si wingi wa mashahidi.

4. Hatua za somo

Kwanza, wanafunzi wakate vibao 8 vya karatasi ngumu, wavitoboe pembeni, wafume utepe mfupi. Pili, wauchunguze msokoto wake na kuuandikia taarifa kama ya mchunguzi. Tatu, wabadilishane taarifa, na kila kundi lijaribu kufuma upya utepe wa wenzao kwa taarifa hiyo peke yake. Penye upungufu vidole vitakwama. Hapo wanafunzi watajua chanzo cha kuaminika ni kipi.

Hitimisho

Hatudai kwamba mwalimu asubiri mpaka ajue yote. Tunachosisitiza ni kwamba amweleze mwanafunzi kinachojulikana, kinachokisiwa, na kilichobuniwa.

Maswali ya kujadiliana

1. Kwa nini usukaji wa vitanzi una ushahidi wa aina tofauti na ule wa ufumaji wa vibao?
2. Chagua kitabu kimoja cha kazi za mikono chuoni kwenu. Kiko katika ngazi ipi, nacho kimetaja vyanzo gani?