SOMO LA MWEZI: MAJANI MAKAVU NA NAULI

Tusome kwanza: Kutoka 5:6-19, Kumbukumbu la Torati 24:14-15, Luka 10:33-35.



Somo letu latoka Misri, lakini tutalipitisha Kilosa na Mikumi. Farao hakuongeza hesabu ya matofali. Alifanya jambo moja tu: majani makavu waliyokuwa wakipewa Waisraeli, aliamuru wayatafute wenyewe. Hesabu ikabaki ile ile. Watu wakatawanyika kuokota mabua, na kazi ilipopungua, wasimamizi wao wakapigwa. Muda wa kuokota haukuhesabiwa na mtu.

Nauli ya kwenda kazini ndiyo majani makavu ya siku hizi. Tufanye hesabu. Amri ya mishahara iliyoanza Januari 2023 iliweka kima cha chini cha mfanyakazi wa kilimo katika sekta binafsi kuwa shilingi 140,000 kwa mwezi. Kwa siku 26 za kazi, hiyo ni kama shilingi 5,385 kwa siku. Mtu akilipa bodaboda shilingi 1,000 kwenda na 1,000 kurudi (ni mfano tu, kila msomaji aweke bei ya njia yake), atatumia 52,000. Zaidi ya theluthi moja ya mshahara imekwisha kabla hajanunua unga. Tena masika hayamhurumii. Mafuriko ya Mto Mkondoa ya mwisho wa 2009 na Januari 2010 yaliikata hata reli, sembuse njia ya kwenda shambani!

Zamani katika mashamba ya mkonge, kama yale ya Kimamba, mzigo huu aliubeba zaidi mwenye shamba, kwa kuwa vibarua walikaa kambini. Hatuyasifu makambi yale, maana aliyefukuzwa kazi alifukuzwa na nyumba pia. Lakini aliamka akaenda kazini kwa miguu yake. Leo twashukuru kuona treni ya umeme ikipita Kilosa. Safari za Dar es Salaam hadi Dodoma zilianza Julai 2024. Hata hivyo treni ya safari ndefu haimfikishi kibarua shambani saa kumi na mbili asubuhi.

Wengine hupata kazi Mikumi, kwenye nyumba za wageni na vibanda vya chakula kando ya barabara kuu ya Iringa. Wakiona nauli ya kila siku haiwezekani, hupanga chumba huko na kuacha jamaa Kilosa. Nauli imeokolewa, ndiyo. Lakini sasa kuna kodi ya chumba, mkaa wa majiko mawili, na watoto wanaomwona baba mwisho wa mwezi. Wazee wa kanisa wanaosuluhisha ndoa wajua hesabu hii huishia wapi.

Sasa tujitazame sisi, maana si wenye mashamba tu walio waajiri. Wengi wetu tuna dada wa kazi, kibarua wa kupalilia, fundi wa kupaua. Torati yaagiza maskini alipwe siku ile ile, jua lisichwe kabla hajapata. Tunapomwambia, "Njoo kesho," tumemtoza nauli nyingine aje kudai kilicho chake. Akija mara tatu, ujira wa kutwa umepungua sana, nasi twajiona tumemlipa chote.

Msamaria alilijua jambo hili. Hakumwelekeza majeruhi njia ya kwenda nyumba ya wageni akamwacha. Alimpandisha juu ya mnyama wake mwenyewe, akalipa dinari mbili, akaahidi kulipa zaidi. Usafiri ulikuwa sehemu ya huruma yake.

Na parishi je? Twaita kikao katikati ya juma, mama wa mtaa wa mbali alipe kwenda na kurudi, kisha twamwombea mchango. Asipokuja mara mbili twasema amepoa kiroho.

Katika vikundi vya maombi tujadiliane haya: Anayetufanyia kazi atoka wapi, na hulipa kiasi gani kufika? Ni vikao vipi vyetu vingeweza kufanyika Jumapili baada ya ibada, watu wakiwa wamekwisha kufika? Na ni nani tunayemdaiwa ujira hivi leo, naye amekwisha kuufuata mara ngapi?